OpenSSH na mtumiaji aliyekataliwa mlangoni: tathmini ya programu

Ofisi ya uwakala wa forodha ninayoihudumia hapa Mombasa huhifadhi manifesti, ankara na nakala za vibali vya bandarini katika seva ya Linux iliyokodiwa Ujerumani, na wafanyakazi wote, kuanzia mhasibu hadi karani anayeshinda Kilindini, huifikia kwa njia moja tu, nayo ni OpenSSH, programu ya kuingia kwa usalama katika kompyuta iliyo mbali. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu mwaka 2009, umbali wa seva si jambo la kulalamikia sana. Kinachosumbua zaidi ni ruhusa. Kwa sababu hiyo sitajadili hapa usimbaji wala uhamishaji wa faili, kazi ambazo programu hii huzitekeleza vizuri bila kuonekana. Ninalolipima ni hili: mtumiaji halali anapokataliwa, OpenSSH humsaidia fundi kwa kiasi gani kuijua sababu?

Itifaki ya SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. OpenSSH yenyewe ilitolewa na mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1999, kwa leseni huru na bila malipo. Asili hiyo inaeleza tabia zake nyingi, kwani walioijenga walimhofia mvamizi kuliko walivyomhurumia mtumiaji aliyesahau nywila.

Aliye nje ya seva huambiwa maneno mawili tu, "Permission denied", na maneno hayo hayabadiliki hata kama sababu ni mbalimbali. Huenda nywila imekosewa, huenda jina halimo kabisa katika seva, huenda ufunguo wa umma (nusu ya jozi ya funguo za kidijitali inayowekwa katika seva, nusu ya siri ikibaki kwa mtumiaji) haujasajiliwa, au huenda msimamizi ameorodhesha wanaoruhusiwa katika kipengele cha AllowUsers na jina la mhusika likaachwa nje. Katika hali hiyo ya mwisho, ikiwa seva inakubali nywila, itaendelea kumwomba nywila mtu ambaye imekwisha kuamua kutompokea, na hata akiiandika sawasawa atakataliwa. Karani anayekumbana na jambo hili huamini kuwa kibodi yake ina kasoro. Hata hivyo naunga mkono uamuzi huo wa waundaji, kwa sababu seva iliyo wazi kwenye intaneti hubishiwa hodi usiku na mchana na programu za kubahatisha majina, na seva inayotofautisha jina lisilokuwepo na nywila isiyo sahihi ingekuwa inawagawia wageni orodha ya wenyeji.

Ukimya huo ni wa upande wa nje tu. Ndani ya seva, katika logi, yaani kumbukumbu za matukio (faili ya /var/log/auth.log kwa Ubuntu na matoleo ya Debian ya kabla ya la 12, au /var/log/secure kwa jamii ya Red Hat, zote zikiwa aina za Linux), programu hueleza mengi, na hapa ndipo inapojipatia alama zangu za juu. Nitatoa mfano mmoja. "Mwanangu, jana niliingia vizuri, leo seva hainitaki," aliniambia mhasibu wetu. "Subiri kidogo mama, nitazame," nikamjibu, nikafungua logi wakati akijaribu tena. Mstari uliotokea ulisema "Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/mhasibu". Ufunguo wake haukuwa na tatizo, wala faili ya authorized_keys, yenye orodha ya funguo zinazokubaliwa, haikuguswa na mtu. Kilichotokea ni kwamba mfanyakazi mwenzake, akitaka washirikiane nyaraka za mizigo, alikuwa ameliwekea folda la nyumbani la mhasibu ruhusa za 775, yaani kikundi kizima kikapata uwezo wa kuandika humo. Kwa kanuni ya StrictModes, OpenSSH huukataa ufunguo wowote uliowekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuuandika upya, na haitazami faili ya ufunguo peke yake bali hukagua pia folda la .ssh na folda la nyumbani linaloyabeba yote. Amri ya kubadilisha ruhusa, chmod, kwa thamani ya 755 kwa folda la nyumbani, 700 kwa .ssh na 600 kwa authorized_keys ilimaliza shauri, na nyaraka za pamoja zikahamishiwa folda la kikundi nje ya nyumba za watu.

Wapo mafundi wanaolizima StrictModes mara tu linapowasumbua. Sioni busara yoyote hapo, kwa kuwa kosa lililoonyeshwa lilikuwa kosa la kweli, na aliyeweza kuandika katika folda la mhasibu angeweza kujiongezea ufunguo wake na kuingia kwa jina la mhasibu.

Logi huwa na uwazi uleule pale kizuizi kinapotokana na vikundi. Ikiwa msimamizi ametumia AllowGroups na karani mpya hakuingizwa katika kikundi kinachotakiwa, seva huandika waziwazi kwamba hakuna kikundi chochote cha mtumiaji huyo kilichomo katika orodha. Udhaifu huanza pale ufunguo wenyewe unapokuwa siyo. Katika kiwango cha kawaida cha logi, kinachoitwa INFO, mara nyingi utaona tu kwamba muunganisho ulifungwa kabla ya uthibitisho kukamilika, bila kutajiwa ufunguo uliotolewa. Ningependa kiwango cha VERBOSE, ambacho huonyesha alama ya kila ufunguo, kiwe ndicho cha kuanzia. Mpaka hapo, dawa ni kumwomba mtumiaji aanze muunganisho kwa amri ya ssh -v na kusoma ni ufunguo upi kompyuta yake inautoa na kama seva inaukubali. Mtu aliyelimbikiza funguo nyingi hukataliwa kabla ule sahihi haujafikiwa, kwani seva huruhusu majaribio 6 tu kwa kila muunganisho isipobadilishwa. Kwake mpangilio wa IdentitiesOnly, unaoizuia kompyuta kutoa ufunguo wowote ila uliotajwa katika mipangilio, unatosha, mradi ufunguo sahihi utajwe humo.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu faili ya mipangilio. Kwa kila kipengele OpenSSH hufuata thamani inayoisoma kwanza, si ya mwisho, na katika Ubuntu za miaka ya karibuni mstari unaoita faili za folda la sshd_config.d umewekwa juu kabisa ya sshd_config. Matokeo yake ni kwamba fundi anaweza kuruhusu nywila katika faili kuu, akaianzisha upya huduma, na hali isibadilike hata kidogo, kwa sababu kuna faili ndogo iliyoachwa na mwenye kukodisha seva ambayo imekwisha kusema hapana. Hakuna onyo linalotolewa. Amri ya sshd -T (sshd ni sehemu ya OpenSSH inayokaa katika seva), ikiendeshwa na msimamizi mkuu, huonyesha mipangilio inayofanya kazi kwa kweli, na ningemshauri kila fundi aanze nayo badala ya kuyaamini macho yake mbele ya faili moja.

Upande wa kompyuta ya mtumiaji kuna mahali ambapo programu hii huacha ukimya wake na kupiga kelele kwa herufi kubwa, nako ni pale ufunguo wa siri unaposomeka na watu wengine. Kelele hiyo ni ya haki, lakini huwachanganya waliohamisha ufunguo kwa flashi na kujaribu kuutumia humo humo. Flashi zetu nyingi zimepangwa kwa mfumo wa faili wa FAT, ambao hauhifadhi ruhusa za Linux, kwa hiyo chmod 600 haiwi na athari yoyote mpaka faili inakiliwe kwenye diski ya kompyuta.

Toleo la Windows, ambalo Microsoft imelijumuisha tangu mwaka 2018, linafanya kazi, ila lina mtego mmoja ambao haukustahili kuwepo. Mtumiaji aliye katika kikundi cha wasimamizi hasomewi ufunguo wake kutoka folda lake mwenyewe. Seva huutafuta katika faili ya administrators_authorized_keys iliyo ndani ya C:\ProgramData\ssh, na faili hiyo isiwe inafikiwa na yeyote ila wasimamizi na mfumo wenyewe. Kwa hiyo karani wa kawaida huingia bila shida huku bosi wake, mwenye madaraka zaidi, akikataliwa. Anayeendesha seva ya Windows kwa ajili ya programu za hesabu, na ambaye watumiaji wake wanahitaji dirisha kamili na si mistari ya amri, atahudumiwa vyema zaidi na Remote Desktop.

Kwa ofisi ndogo zenye seva ya Linux naipendekeza OpenSSH bila kusita, kwa masharti mawili. La kwanza ni kuwe na mtu anayeweza kusoma logi, maana bei ya programu ni bure lakini muda wa fundi hulipiwa, na asiyefika kwenye logi atabaki kubahatisha. La pili ni kuhakikisha, kabla ya kulipia seva, kwamba mwenye kuikodisha anatoa konsoli ya dharura kupitia kivinjari, yaani njia ya kuingia isiyopitia OpenSSH, kwa sababu logi zote nilizozisifu ziko nyuma ya mlango uleule uliofungwa. Msimamizi anayebadilisha mipangilio na aikague kwanza kwa sshd -t, aianzishe upya huduma, kisha ajaribu kuingia kwa dirisha la pili huku la kwanza likiwa bado wazi.