CATMA: programu ya kuweka alama kwenye hadithi, kwa macho ya mhadhiri wa semiotiki (taaluma ya ishara na maana)

Ukifundisha nadharia ya usimulizi, kazi kubwa haiko kwenye mhadhara. Iko kwenye semina, pale unapowapa wanafunzi ukurasa mmoja wa hadithi na kuwauliza: hapa nani anaona, na nani anasema? Mnadharia wa fasihi Mfaransa, Gérard Genette, aliyatenganisha maswali haya mawili mwaka 1972, na mwanafunzi anaweza kukueleza tofauti yake kwa ufasaha kabisa. Mwambie sasa akuonyeshe kwenye matini, sentensi kwa sentensi, ndipo jasho linapomtoka. Kwa kazi hiyo natumia CATMA, darasani na katika utafiti wangu pia, na naipendekeza kwa moyo mmoja.

Ilianzia Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, mwaka 2008 chini ya Jan Christoph Meister, na siku hizi inalelewa Darmstadt, katika chuo kikuu cha ufundi cha huko. Ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Unapakia matini, unaunda lebo zako mwenyewe, kila lebo na rangi yake, kisha unachagua maneno na kuyapa lebo. Mstari wa rangi unatokea chini yake. Ukiyapa maneno yale yale lebo nyingine, mstari wa pili unakaa chini ya wa kwanza na yote miwili inaonekana.

Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Tazama kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya darasa: "Asha alisimama dirishani akitazama mvua. Kesho angeondoka, na wala hakuna wa kumzuia! Mama yake akaita kutoka chumba cha pili." Sentensi ya kati ni ya nani? Mwanafunzi mmoja anaipa lebo ya msimulizi: nafsi ni ya tatu, hakuna alama za kunukuu, hakuna "alijisemea". Mwenzake anaipa lebo ya mhusika: hiyo "kesho" ni kesho ya Asha, na alama ya mshangao imetoka kifuani mwake. Kwenye karatasi ubishi huu huisha muda wa semina ukiisha. Kwenye CATMA kila mmoja ana mkusanyiko wake wa alama, nami nikifungua matini naiona mistari yote miwili chini ya sentensi ile ile. Wiki inayofuata tunaanzia hapo hapo.

Evelyn Gius na Janina Jacke, watafiti walioifanyia kazi programu hii, walichapisha mwaka 2017 makala inayochambua kwa nini wasomaji wawili hutofautiana wanapoweka alama. Huenda mmoja kakosea tu. Huenda maelezo ya lebo yana mapengo. Huenda kila mmoja alianza na tafsiri tofauti ya jambo jingine katika hadithi. Au huenda matini yenyewe ina maana zaidi ya moja. Nimeugeuza mgawanyo huu kuwa zoezi, na sijaona njia bora ya kufundisha nadharia: wanafunzi wanarekebisha makosa, wanayaandika upya maelezo ya lebo, wanarudi kwenye matini, na tofauti inayobaki baada ya hapo ndiyo wanayoiandikia insha. Wanagundua wenyewe kwamba fasili ya "msimulizi" waliyoikariri haiwavushi hata aya mbili.

Wenye semiotiki watakumbuka kwamba mwaka 1970 mhakiki Mfaransa Roland Barthes aliikata hadithi moja ya mwandishi Balzac vipande 561 na kuisoma kwa misimbo mitano, yaani mifumo mitano ya kuleta maana, kipande kimoja kikiweza kubeba misimbo kadhaa kwa pamoja. Alifanya vile kwa kalamu. Zoezi la namna hiyo linaingia kwenye CATMA bila kulazimishwa: lebo tano, mistari inayopishana, na mwishoni unaiuliza programu ikuonyeshe ni wapi misimbo miwili imekutana.

Utafutaji wake unafaa hata kwa Kiswahili, ukiujulia. Alama ya asilimia husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo %sema% inakuletea alisema, akasema, wamesema, kila moja na maneno yanayoizunguka kushoto na kulia. Lakini ukitafuta %ambi% ili upate "akamwambia" na ndugu zake, jiandae kupokea pia kambi na rambirambi. Programu haijui mofolojia yetu. Kuchuja ni kazi yako.

Kasoro zipo. Bila intaneti hufanyi kitu. Maelezo yake mengi ni ya Kiingereza, na menyu zake zinamchanganya mgeni. Matini ukishaipakia huwezi kuihariri tena humo, kwa sababu alama zimefungwa kwenye nafasi za herufi. Kama umeiskani kutoka kitabuni, sahihisha kila kosa kabla. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi wa uzamili hasa, maana kurudia kuweka alama katikati ya tasnifu kunaumiza. Faraja ni kwamba kazi yako unaweza kuitoa kama faili za XML zinazofuata kanuni za TEI (kiwango cha kimataifa cha kuweka alama kwenye matini za kidijitali), ukazihifadhi mwenyewe.

Anayetaka mashine imsomee riwaya mia na kumletea chati atafute programu nyingine. Hii ni ya wanaosoma polepole. Mhadhiri anayeanza asipakie riwaya nzima: hadithi ya kurasa tatu na lebo nne zilizofafanuliwa vizuri zinatosha semina ya kwanza, na maelezo ya lebo wayaandike wanafunzi wenyewe.