Vidonge vya vitamini B12 vya mikrogramu 1,000: miezi minne na mama

Nilimnunulia mama, miaka 74, yuko Muheza. Miguu ilikuwa imejaa ganzi, kandambili ikimchomoka njiani hajui. Samaki anakula karibu kila siku, mayai ya kienyeji yapo, kwa hiyo sikuelewa kipimo cha damu kilipoonyesha B12 iko chini. Daktari akatufafanulia: umri ukisogea, tumbo la wengi hupunguza asidi, na bila asidi vitamini hiyo hubaki imeng'ang'ania kwenye nyama na samaki, mwili hauifyonzi vizuri. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu huja kimyakimya, ukiumiza neva hadi miguu ipate ganzi. Na metformini ya kisukari, anayomeza tangu 2013, nayo huishusha.

B12 ya kwenye vidonge haijashikamana na chakula, hivyo haingoji asidi ya tumbo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Dozi ni kubwa hivi kwa sababu kinachopenya ni kidogo sana. Ni vidogo, havina harufu, havimkwami kooni. Kopo la 60 nililipa shilingi 38,000, ghali kwa mstaafu. Kifuniko ni kigumu mno kwa vidole vyake, mjukuu ndiye humfungulia.

Wiki ya kumi akanipigia: "Mwanangu, leo nimehisi baridi ya sakafu." Nililia. Kipimo cha pili kimepanda. Ganzi ya mguu wa kushoto bado ipo. Daktari anasema neva zilizoumia muda mrefu huenda zisirudi zote.