Adapta na pawabanki: cha kununua kabla ya kusafiri kutoka Mbeya

Kabla hujatoa hela sokoni Mwanjelwa, tazama kwanza unakwenda wapi. Anayevuka Tunduma kuingia Zambia, au Kasumulu kuingia Malawi, hahitaji adapta: huko nako wanatumia plagi ya miguu mitatu bapa kama yetu. Dubai na Uingereza vilevile.

Cha kwanza kununua, kwa maoni yangu, ni pawabanki. Zambia iliishi na mgao mkali baada ya ukame wa 2024 kupunguza maji ya bwawa la umeme la Kariba, na adapta haisaidii soketi isiyo na umeme. Ya mAh 20,000 inatosha. Ni kama saa-wati 74 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa), na mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu hadi 100 bila kuomba kibali. Ibebe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou, Uchina, aangalie pia alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya Uchina: tangu Juni 28, 2025, pawabanki isiyo nayo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya Uchina.

Cha pili ni adapta ndogo ya nchi moja. Soketi nyingi za Afrika Kusini ni za miguu mitatu minene ya mviringo. Za Uchina ni za miguu bapa, miwili au mitatu iliyokaa mshazari. Chomeka plagi yako palepale dukani uitikise. Ikicheza, iache, maana mguso uliolegea hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Mkiwa wengi chumbani, adapta moja na ekstensheni ya nyumbani vinatosha kwa chaja zenu zote.

Adapta ya nchi zote naiweka ya tatu. Inamfaa anayezunguka nchi kadhaa. Chagua yenye fyuzi, na uitumie kwa simu na kompyuta tu.

Kibadilisha volti ndicho cha mwisho, na wengi wanakinunua bure. Soma maandishi ya chaja yako: ikiwa na 100–240V, itafanya kazi Marekani kwenye volti 120 na hata Japani kwenye 100. Pasi iache nyumbani.

Tafadhali zingatia hili zaidi ukiwa unarudi. Adapta hubadili umbo la plagi, haigusi volti. Blenda ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka hapa kwenye 230 kwa adapta, itaungua.