Alamu ya wezi Malindi: uliza betri kwanza

Mama mmoja wa Muyeye kaniletea picha kwa simu. Boksi la alamu limefunguliwa, ndani mna betri imefura kama kitumbua, waya wake mwekundu unaning'inia haujachomekwa popote. Wezi waliingia usiku stima imepotea wakabeba tivii na mtungi wa gesi, king'ora kimya, na alipompigia aliyemuuzia akajibiwa eti mama alamu yako ni nzima, ni stima tu ndiyo haikuweko. Sasa jamani, mwizi anakuja lini kama si giza likiingia?

Na si yeye peke yake, malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi. Kwa hivyo habari za sensa ngapi (vile vijicho vya kunasa mtu) na aplikesheni ya simu na rangi ya kipedi, kile kibao cha kubonyeza namba, mimi siongei, hizo muuzaji atakuimbia mwenyewe mpaka uchoke. Tuongee betri.

Nyumba nyingi hapa kwetu mita au swichi kubwa iko nje ukutani, mtu yeyote akinyoosha mkono anazima. Halafu kuna tokeni. Umeenda matanga Mombasa, tokeni zimeisha, kununua kwa simu utanunua ukiwa huko huko lakini zile namba ishirini nani atazibonyeza pale nyumbani? Friji inaoza na alamu inakula betri pole pole mpaka inazima, wewe hujui.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya kawaida ya alamu ni ya 12V 7Ah, ile nzito ya madini ya risasi; hiyo Ah ni ampea mara masaa. Paneli, yaani ubongo wa alamu, na kipedi na sensa kadhaa za waya na kile kifaa cha laini ya simu, vyote pamoja tuseme vinakula ampea 0.35. Gawanya 7 kwa 0.35 unapata masaa 20, na hiyo ni betri mpya ambayo haijapikwa na joto. Kanuni za Ulaya, EN 50131, alamu ya nyumbani ya daraja la 2 inatakiwa ikae masaa 12 bila stima, kwa hivyo mtu akikuambia masaa matatu yanatosha mwambie ahsante uondoke. Na joto ndilo linalotumaliza sisi: betri hizi za risasi kila joto likipanda digrii 10 juu ya kawaida yake, umri wake unakatika karibu nusu. Fundi akikufungia boksi kwenye stoo chini ya mabati, ile miaka mitano anayokuahidi ni ya nchi ya baridi. Weka boksi chumba cha ndani penye hewa, na ikifika miaka miwili mitatu badilisha bila kungoja ife.

Haya, mpangilio wangu wa kampuni za alamu. Wa kwanza ni Paradox wa Kanada na sifichi, huyu nampendelea. Kwanza mafundi wengi wanamjua, pili paneli inakaa ndani ya boksi la bati na betri ni ile ile ya 12V 7Ah inayoingia kwenye yupiesi ya kompyuta na kwenye fensi ya stima, kwa hivyo ikifa unaipata dukani bila kuagiza mbali. Kwenye kipedi kuna kitufe cha TBL, taa yake ikiwaka bonyeza uone shida ni nini, wengi wanaiona inawaka mwezi mzima wanafikiri ni pambo. Nyumba inayojengwa pitisha waya mapema, chukua paneli yao ya SP4000. Nyumba iliyokwisha chukua MG5050, inapokea sensa zisizo na waya.

Wa pili Ajax, wa Ukraine. Mzuri sana huyu, na mrembo, boksi lake kuu, Hub 2, lina betri yake ndani na wenyewe wanasema linafika masaa 16. Ila sensa zake nyingi zinatumia betri za CR123A, hizo usitegemee kuzipata kioski cha jirani, nunua za akiba siku ile ile. Na kuta nene za mawe ya matumbawe zinakula mawimbi ya redio ya sensa, jaribu kila chumba kabla hujatoboa. Wa tatu Hikvision AX Pro, sawa tu, hasa kama kamera zako tayari ni za hao hao.

Vile viboksi vyeupe vya bei rahisi vya laini ya simu, kibetri chake ni kidogo mno. Kama pesa ndiyo hiyo, funga komeo nzuri.

King'ora cha nje nacho kiwe na betri yake mwenyewe ndani, waya ukikatwa kinalia. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hewa ya chumvi hapa haina huruma, na sensa ya ndani usiielekeze kwenye pazia wala mahali mijusi kafiri wanapotambaa, mmoja akipita juu ya kioo chake mtaa mzima utaamka. Mwezi wa pili na wa tatu sebule ikikaribia joto la mwili sensa inapungua kuona mtu, tafuta inayojirekebisha kwa joto.

Kabla hujamalizia pesa zima swichi kubwa jioni, lala hivyo hivyo, asubuhi washa alamu ufungue mlango. Fundi atanuna. Wacha anune.

Maana hawa nao wametuzoea. Unaambiwa bei ni komplit, ukilipa unasikia betri ni kando, laini ni kando, skrubu ni kando. Boksi lile lile ukisema uko Maweni ni bei moja, ukisema Casuarina imepanda, hata kama nyumba si yako unailinda tu. Kinachonikera zaidi ni kodi ya fundi, si ya serikali, ni zile namba za siri za kuingilia mipangilio ya paneli. Anaiweka ya kwake, anaifunga paneli isirudi mwanzo, siku mkikosana hakuna mwingine anayeweza kubadilisha chochote, itabidi ununue paneli mpya au umpigie magoti. Mwambie akuandikie hiyo kodi mbele yako na aijaribu ukiona, halafu kwenye risiti aandike aina ya betri na tarehe aliyoiweka. Betri yenyewe pia iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito, ubavuni, mahali boksi likifunguliwa panaonekana.