Tathmini ya WebODM: inavyotunza koordineti za pointi za udhibiti wa ardhini

Wengi wanaochagua programu ya kuchakata picha za droni huangalia kwanza gharama, kasi na mwonekano wa ramani, na suala la koordineti za pointi za udhibiti (alama zilizopimwa ardhini ili ramani ilinganishwe nazo) huja kuulizwa pale ramani inapokataa kulingana na upimaji uliofanywa ardhini. WebODM ni programu huria inayomwezesha mtumiaji kuendesha injini ya OpenDroneMap kupitia kivinjari, na hapa naitathmini kwa kigezo hicho kimoja tu: namba ya mpimaji ikiingia humo, je, inabaki ilivyo?

Faili inayohitajika, gcp_list.txt, ni ya maandishi matupu. Mstari wa kwanza hutaja mfumo wa koordineti, ambao unaweza kuandikwa kwa msimbo wa EPSG (namba inayotambulisha mfumo huo), na kila mstari unaofuata hubeba koordineti ya mashariki, ya kaskazini, urefu, nafasi ya alama kwenye picha kwa pikseli, na jina la picha yenyewe. Uchache huo ndio unaonipendeza, kwa sababu mtu anaweza kuifungua faili kwa kihariri chochote cha maandishi na kuona kila desimali iliyopo, jambo ambalo madirisha yenye mapambo mengi katika programu nyingine hulificha kwa kuonyesha tarakimu mbili na kunyamaza kuhusu zilizobaki.

Ndani ya injini, koordineti husomwa kama namba za biti 64, zinazobeba tarakimu nyingi zaidi kuliko za biti 32, na umuhimu wake huonekana mara moja ukichukua pointi iliyo kusini kidogo ya ikweta katika mfumo wa UTM (unaotaja mahali kwa mita badala ya digrii), ambako koordineti ya kaskazini hupita milioni 9. Namba 9250431.287 ikihifadhiwa kwa biti 32 hubaki 9250431, kwa kuwa kwa ukubwa huo hatua kati ya namba moja na inayofuata ni mita 1 nzima. Koordineti ya mashariki ya 512846.193 nayo hugeuka 512846.1875, yaani kosa la zaidi ya nusu sentimita ambalo hakuna aliyelipima wala kulikubali. Kwa biti 64 hasara hiyo haifikii hata sehemu ya elfu ya milimita. Ni kwa kuepuka hasara hiyo ya biti 32 ndipo modeli ya pande tatu, ya umbizo la OBJ, hutolewa ikiwa imesogezwa karibu na sifuri, na kiasi cha kusogezwa huandikwa katika faili ya coords.txt, anayeifungua asidhani koordineti zake zimepotea.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, iko kabla ya programu. Anayepitisha pointi zake kwenye Excel na kuzihifadhi kama CSV (faili ya maandishi yenye thamani zilizotenganishwa kwa koma) hupata kile kilichokuwa kinaonekana kwenye seli, na seli iliyowekwa desimali mbili itaandika desimali mbili. Kwa mita, hasara hiyo ni ya milimita chache tu. Kwa digrii ni janga, kwani digrii 1 ya latitudo ni takriban kilomita 111, hivyo desimali mbili hukuacha na hatua za zaidi ya kilomita moja, desimali sita hukufikisha kwenye sentimita 11, na hadi zifike saba ndipo unakaribia sentimita moja. Kinyume chake, desimali kumi hazitaiboresha pointi iliyochukuliwa kwa simu, ambayo kosa lake huhesabiwa kwa mita.

Upungufu ninaoulalamikia ni kwamba faili hiyo haina safu ya kutaja usahihi wa kila pointi, kwa hiyo pointi iliyopimwa kwa RTK (upimaji wa setilaiti unaosahihishwa papo hapo) mahali pa wazi na ile iliyopimwa chini ya miti huandikwa kwa namna ile ile. Mtumiaji analazimika kuzichuja mwenyewe kabla ya kuanza, huku akizingatia kwamba mwongozo unapendekeza angalau pointi 5, kila moja ikionekana katika picha zisizopungua 3. Urefu pia unataka uangalizi: tofauti kati ya urefu wa elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) na ule wa geoidi (unaokaribia usawa wa bahari) inaweza kufika makumi ya mita, hivyo pointi zote zipelekwe katika datumu moja, yaani msingi mmoja wa kupimia.

Ripoti ya ubora inayotolewa mwishoni huonyesha makosa ya pointi za udhibiti, na huandaliwa vizuri, lakini pointi hizo ndizo zilizotumika kuinyoosha ramani na kwa kawaida zitaisifu. Mimi huacha pointi kadhaa nje ya gcp_list.txt, nikazisoma kwenye ortofoto (picha ya juu iliyonyooshwa kuwa ramani) iliyokamilika na kuzilinganisha na vipimo vya ardhini. Kwa kazi inayodai sentimita chache, kosa la kuweka kwenye mkataba ni lile linalopatikana hapo.