Kibali cha ujenzi mwambaoni Kigoma: mita 60 zilizopimwa Oktoba

Mwaka jana niliomba kibali cha ujenzi wa nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja chetu cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Halmashauri iliyonihudumia sitaitaja, lakini huduma yenyewe inafaa kuelezwa kwa ajili ya wenye viwanja vya aina hiyo.

Mapokezi yalikuwa mazuri kuliko nilivyotazamia. Karani alikagua hati ya kiwanja, risiti ya kodi ya pango la ardhi, ramani ya nyumba na michoro ya mihimili kwa muda usiozidi nusu saa, namba ya malipo ikaja kwenye simu siku hiyo hiyo, na hakuna aliyenidokezea habari ya chai.

Tatizo ni mpangilio wa kazi. Mchoraji wa ramani nilikuwa nimekwisha kumlipa, na ada ya kibali vilevile, ndipo wiki tatu baadaye afisa mipango miji na mpima wakafika kiwanjani na kunieleza jambo nililostahili kuambiwa dirishani siku ya kwanza: kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Baraza na nusu ya sebule yangu vilikuwa ndani ya mita hizo, hivyo ramani ikachorwa upya kwa gharama yangu.

Kasoro kubwa zaidi ni kipimo chenyewe. Ilikuwa Oktoba. Mpima alisimika kigingi pale mawimbi yalipokomea kwenye mchanga, akavuta utepe hadi kwenye mchikichi wa pili na kutangaza kuwa mita 60 zimetimia. Wakazi wa mwambao wanajua kwamba wakati huo ziwa huwa limerudi nyuma, na kwamba maji hufika kileleni mvua zikiisha, kwenye Mei. Tofauti ya kina katika mwaka wa kawaida ni kama sentimita 80. Kiwanja changu kinashuka sentimita 2 tu kwa kila mita, kwa hiyo sentimita hizo 80 humeza mita 40 za nchi kavu, na zile 60 za Oktoba zinabaki 20. Hapo bado sijagusa miaka kama 2021 na 2024, ziwa lilipopanda kupita kawaida yake. Maji yake yana njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na yakijaa hayaondoki upesi.

Nilimwonyesha mpima mstari wa tope kwenye ukuta wa jirani, juu kabisa ya huo mchikichi wa pili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, fomu inauliza umbali, haiulizi mwezi." Nilisogeza nyumba mita 30 zaidi kwa hiari yangu, naye, nakiri, aliidhinisha mabadiliko bila ada nyingine.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Anayetaka kuomba aandike barua ya kuomba ukaguzi wa kiwanja kabla hajamlipa mchoraji, na akiweza asubiri Mei. Mwezi huo nilikwenda kukitafuta kigingi cha mpima sikukiona. Maji yalikuwa yameufikia mchikichi wa kwanza.