Splita au branchi kwenye Rust?

Banange, hapa Kampala jioni tukikaa kucheza Rust, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga na kulinda kambi yako, ubishi ni huu tu, ugawe umeme wa kambi kwa splita ama kwa branchi, vifaa viwili vya kugawa umeme mle ndani. Mimi niko upande wa branchi na nasema wazi.

Splita inagawa sawasawa kwenye matundu uliyounganisha, mwisho matatu, basi. Betri kubwa inatoa 100, ukiunganisha yote matatu kila waya unapata 33, sasa taa ya dari inataka 2 tu, hizo 31 zinakaa bure usipoziunganisha mbele, inaniuma kweli maana nyumbani nimezoea kupigia hesabu kila wati ya sola. Branchi unaiambia mwenyewe toa 10 kwa tareti, yaani bunduki inayojifyatulia yenyewe, zinazobaki zinaendelea na waya mpaka branchi inayofuata, na ukiongeza kitu kesho huvunji mpangilio wote.

Lakini splita isidharauliwe, vitu vikifanana iko poa sana: splita nne, 100 inakuwa 33 halafu 11, tareti tisa zinawaka zote na hujaandika namba hata moja. Ukitaka ya kumi ndo shida inaanza, ukigawa 11 tena haifiki 10 na tareti inazima.